Hita ya Pijo

Jasbir aliinua kapeti la upande wa abiria, akalikamua kwa mikono miwili. Maji ya kijani yakatiririka kwenye sakafu ya gereji.

"Nusa," akasema.

"Sihitaji kunusa," Kipngeno akajibu.

"Nusa tu. Iko na harufu tamu, sivyo? Hiyo si mvua, rafiki yangu. Hiyo ni maji ya injini. Rejeta ndogo ya hita imetoboka."

Kipngeno alijua. Kwa wiki tatu kioo cha mbele kilikuwa kikishika ukungu kutoka ndani, ukungu wa utelezi usiotoka kwa kitambaa, na kila asubuhi alipofungua bonneti alikuta maji yamepungua. Alikuwa mzee wa miaka sitini na tisa, mkulima wa ngano huko juu ya Njoro, mwenye ng'ombe watatu wa maziwa na Pijo 504 aliyokaa nayo miaka thelathini na minne. Jasbir Singh alikuwa ameitengeneza miaka hiyo yote, hapo hapo Nakuru, kwanza akiwa na ndevu nyeusi, sasa nyeupe pepepe.

"Hii gari imezeeka kama sisi," Jasbir akasema, akipangusa mikono. "Dawa ni mbili. Ya kwanza, nitoe dashibodi yote nibadilishe hiyo rejeta ndogo. Mpya hakuna, lazima nitafutiwe ya kung'olewa kwa gari ingine Nairobi. Wiki mbili, labda tatu. Ya pili, niiruke hita leo. Ile mipira miwili inapeleka maji ndani naichomoa, naiunganisha hapa mbele, maji inazunguka kwa injini bila kuingia kwa gari. Dakika ishirini umeenda nyumbani."

"Na hita?"

"Hita sahau. Utavaa koti."

"Usiiruke," Kipngeno akasema. "Ngoja hiyo ya Nairobi."

Jasbir akamwangalia. "Nani siku hizi anakaa na wewe kwa hii gari, mpaka ahitaji hita?"

Kipngeno alichukua ufunguo, akaahidi kuongeza maji kila siku na kutoenda mbali.

Aliyekuwa akiihitaji hita ni Cheptanui, kitinda mimba wake. Alipokuwa shule ya msingi, baba yake alimpeleka kila asubuhi kabla jua halijachomoza, wakitoka shambani umande ukiwa umewafika magotini. Mtoto alikuwa akiingia garini akitetemeka, anavua viatu, anaweka nyayo mbili ndogo mbele ya tundu la hita na kusema, "Baba, ongeza." Baba anaongeza. Wakifika kwenye lango la shule soksi zilikuwa zimekauka, na mtoto hataki kushuka. Kipngeno hakuwa mtu wa maneno mengi, na katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kufurahia alichompa jinsi mtoto yule alivyofurahia ule upepo wa moto.

Sasa ilikuwa imepita miaka sita tangu aongee naye. Cheptanui alikuwa chuoni, mwaka wa tatu, Kipngeno akijinyima na kuuza mitamba ili asome. Siku moja akasikia kwamba binti amehamia Karagita, karibu na ziwa la Naivasha, anafanya kazi kwenye shamba la maua na kuishi na fundi wa pampu anayeitwa Owino. Kipngeno akampigia simu. "Huyo mwanamume amekuharibia maisha," akamwambia. "Ukimchagua yeye, hapa kwangu usirudi." Simu ikakatika.

Alimwona mara moja tu baada ya hapo. Miaka miwili iliyopita mke wake, Chelimo, alipozikwa, Cheptanui alikuja. Alisimama kando ya ua wa boma akiwa na mtoto mgongoni. Kipngeno akamwona, akageuza uso. Alipogeuka tena, baada ya sala, binti hakuwepo.

Nyumba ilibaki tupu. Usimwone mtu mzima anakamua ng'ombe akipiga mluzi ukadhani moyo wake uko sawa. Kuna jioni alizokuwa akitenga vikombe viwili vya chai bila kufikiri, na kikombe cha pili hakikuwa cha marehemu.

Siku chache baada ya kutoka kwa Jasbir, akitafuta namba ya daktari wa mifugo kwenye kisimu kidogo cha marehemu mkewe, alikuta jina asilolijua: Sue Karagita. Akaketi nalo siku nzima. Kesho yake akapiga.

"Ni nani?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Ni mzee wa Chelimo. Wa Njoro."

Mwanamke akacheka kicheko cha mshangao. "Woi! Baba Cheptanui! Mimi ni jirani yao, tunashare ukuta. Mathe alikuwa ananipigia kila Jumapili, nampelekea Chepta simu. Hukujua?"

Hakujua. Chelimo alikuwa ameongea na mtoto wao kila Jumapili hadi alipokufa, labda akiwa zizini, labda akisema anaenda kutafuta mboga.

"Wako salama?"

"Wako poa. Lakini mzee, ukitaka kuwaona, fanya haraka. Jumamosi wanahama. Owino amepata kazi Ahero, kwa pampu za mashamba ya mpunga. Huku hawarudi tena."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa asubuhi Kipngeno alijaza rejeta, akaweka mitungi miwili ya maji nyuma, akamwomba jirani yake Mbugua amkamulie ng'ombe, akaondoka. Angeweza kupanda gari la abiria. Lakini alitaka binti yake atoke nje aione Pijo imesimama mlangoni. Alijua kwamba mdomo wake ungeshindwa kusema, na alitumaini gari lingesema kidogo.

Alipita Nakuru vizuri, akapita Mbaruk. Baada ya Elementaita barabara inaanza kupanda kwenda Kikopey, na malori yalikuwa yamejipanga mbele yake yakikokota. Mshale wa joto ukaanza kupanda nao. Kipngeno akakumbuka mbinu aliyofunzwa na Jasbir zamani: injini ikichemka mlimani, fungua hita mpaka mwisho, itapunguzia injini joto. Akaifungua. Mshale ukatulia, ukashuka kidogo, naye akashusha pumzi.

Ndipo kitu kikapasuka chini ya dashibodi. Maji ya moto yakamwagika upande wa abiria kama chai iliyofurika kwenye sufuria, mvuke ukajaa ndani, kioo kikawa cheupe. Kipngeno akashusha dirisha, akatoa kichwa nje, akaliingiza gari kando ya barabara kwa kubahatisha, lori moja likimpigia honi ndefu.

Alizima injini. Aliangalia maji yaliyokuwa yakifuka pale chini, mahali hasa ambapo nyayo ndogo zilizoea kukaa, na moyo wake ukashtuka kana kwamba kuna mtu aliyekuwa ameketi hapo.

Hakuwa na namba ya binti yake. Akampigia Sue.

"Chepta yuko kazini mpaka saa kumi," Sue akasema. "Lakini ngoja hapo hapo. Nakutumia mtu."

Alingoja kwa karibu saa mbili, ameketi juu ya jiwe, ziwa la Elementaita liking'aa kwa chini kama bati jipya, moshi wa nyama choma ukija kwa upepo. Watu wawili walisimama kumuuliza kama anahitaji msaada, akawaambia kuna mtu anakuja. Saa sita ikikaribia, pikipiki ya kukodi ikatua, ikashusha abiria na kugeuza. Alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli ya bluu, amebeba mfuko wa gunia. Akavua kofia ya pikipiki, akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko.

"Habari ya saa hizi, mzee."

"Nzuri. Wewe ndiye fundi?"

"Mimi ni fundi wa pampu, mzee. Sue amenipigia. Naitwa Owino."

Kipngeno aliushika ule mkono. Hakujua aufanye nini, kwa hiyo akaendelea kuushika.

"Umefungua kifuniko cha rejeta?" Owino akauliza.

"Bado."

"Vizuri. Ingekuchoma. Wacha ipoe kwanza."

Wakaketi kungoja, kila mtu na jiwe lake. Malori yakapita, na kila mmoja akayatazama kama mtu anayeyahesabu. Mwishowe Owino ndiye aliyesema.

"Nilikuja kwako mara moja, mzee. Ile miaka ya kwanza. Nilifika mpaka kwa geti. Nikakuona unapakia maziwa kwa hii gari. Nikasimama, nikasimama, halafu nikarudi."

"Kwa nini hukuingia?"

"Ungenikaribisha?"

Kipngeno akafikiri. Angeweza kudanganya. "La," akasema.

Owino akaitikia kwa kichwa, bila uchungu, kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua.

"Mtoto anaitwa nani?" Kipngeno akauliza.

"Adhiambo. Alizaliwa jioni, jua likishuka."

"Basi kwetu angeitwa Chelang'at."

"Cheptanui humwita hivyo," Owino akasema. "Akiwa amefurahi."

Injini ilipopoa, Owino akafungua bonneti, akapitisha mkono mpaka ukuta wa nyuma ya injini, kule mipira miwili inakoingia ndani ya gari. Kipngeno akainama kando yake.

"Rejeta ya hita imepasuka kabisa, mzee. Lazima tuiruke."

"Hatuwezi kuziba tu hapo, nikifika Nakuru iangaliwe?"

"Nikiziba tu, maji itakosa njia ya kurudi. Na maji ya injini lazima izunguke. Ikisimama, tutaunguza gasketi, halafu hii gari itakwisha."

Kipngeno akaweka kiganja juu ya mpira mmoja. Ulikuwa bado na uvuguvugu. Angemwelezaje kijana huyu, kando ya barabara, alichokuwa akiomba kisitolewe? Alitamani kumpeleka binti yake popote, hata mwendo wa nusu saa, akisikia upepo ule wa moto ukivuma miguuni pake, na asiseme lolote.

"Alikuwa anaweka miguu hapo," akasema. "Akiwa mdogo."

"Najua," Owino akajibu kwa sauti ya chini. "Ameniambia. Mimi naijua hii gari kuliko unavyodhani."

Kipngeno akauondoa mkono. "Toa," akasema.

Owino akalegeza klipu, akachomoa mipira yote miwili, akakata ncha zilizokauka. Kutoka kwenye gunia akatoa kipande cha paipu ya chuma kirefu kama kidole, akakiingiza kwenye mpira mmoja upande huu na wa pili upande ule, akakaza klipu mpya mpaka mishipa ya mkono ikamsimama. Kipngeno akamimina maji, Owino akaongoza. Wakawasha injini, kifuniko kikiwa wazi, wakatazama mapovu yakipanda moja moja na maji yakishuka, wakiongeza, yakishuka tena, mpaka mapovu yakaisha. Mshale ukapanda hadi katikati, ukakaa hapo. Walipokuwa wakiutazama, mabega yao yalikuwa yamegusana, na hakuna aliyesogea.

Walifika Karagita saa kumi kasorobo. Pijo ikaegeshwa kwenye kichochoro mbele ya safu ya vyumba vya mabati. Nje ya chumba kimoja palikuwa na mizigo iliyofungwa kwa kamba: godoro, meza ya mbao, masufuria ndani ya beseni. Sue, mwanamke mnene mwenye kicheko karibu na midomo, alitoka amemshika mkono msichana wa miaka minne. Mtoto akamkodolea mgeni macho, kisha akajificha nyuma ya miguu ya Sue. Kipngeno hakumkimbilia. Aliketi juu ya kizingiti, na baada ya muda mtoto akaja kuketi karibu naye, ameacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

Cheptanui alikuja na wenzake, wakitembea kutoka kwenye lango la shamba. Aliliona gari kabla ya kumwona baba. Wenzake wakaendelea mbele, yeye akasimama. Kisha akaja polepole, akaizunguka Pijo kwa nyuma, akapitisha mkono kwenye paa, akafungua mlango wa abiria. Akaliona kapeti lililoloa.

"Imemwaga maji," akasema, akiwa bado hajamtazama.

"Ilipasuka Kikopey," Kipngeno akasema, akisimama. "Mume wako ameitengeneza."

Hapo akageuka. Alikuwa amekonda, na uso wake ulikuwa wa Chelimo mtupu. "Uliniona kwa mazishi ya Mama," akasema.

"Nilikuona."

"Ukageuka."

"Niligeuka."

Cheptanui alisubiri baba yake aongeze kitu. Kipngeno alitafuta kauli ya kujitetea, zilikuwepo nyingi, alizikusanya miaka miwili. Zote zikamwia uchungu mdomoni. "Kila siku naona ule ua," akasema. "Kila siku, mama. Nikienda kukamua nauona, nikirudi nauona."

Kumwita binti yake *mama* ilikuwa desturi yake tangu zamani, kama wazee wengi wa kwao. Cheptanui akafunika uso kwa mikono iliyokwaruzwa na miiba ya waridi, akalia akiwa amesimama, na baba yake akasimama mbele yake, kofia mkononi, akingoja. Hakumkumbatia. Lakini Cheptanui alipomaliza kulia, akafuta pua kwa mkono wa ovaroli yake ya kazi, akasema, "Umekula?"

Kipngeno akalala lojing'i ya hapo karibu. Asubuhi lori dogo la mizigo likaja, Owino akapanda mbele na dereva kwa kuwa palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Ilikuwa imekubaliwa kwamba Cheptanui na mtoto watasafiri na Pijo hadi Njoro, waone kaburi la Chelimo, kisha lori liwachukue hapo waendelee na safari, wakijibana.

Gilgil kulikuwa na baridi ya ukungu. Cheptanui akavua viatu kwa mazoea, akanyoosha nyayo, akakumbuka, akazirudisha. Akamfunika mtoto kwa koti la babu yake.

"Pole," Kipngeno akasema.

"Si kitu, Baba."

Walikwenda hivyo mpaka wakaanza kuteremka kuelekea Elementaita. Mtoto alikuwa amelala.

"Baba, mimi sikuacha chuo," Cheptanui akasema ghafla, akiangalia mbele. "Chuo kiliniacha. Nilianguka mtihani mara mbili, wakanifukuza. Nilijua umeuza ng'ombe. Niliogopa kukuambia. Nikaenda kutafuta kazi ya maua, ndipo nikakutana na Owino. Uliposema ni yeye amenichafulia maisha, nikaacha ufikirie hivyo. Ilikuwa rahisi."

Kipngeno akaendesha. Barabara ilikuwa mbele yake lakini alimwona yule mwanamume mrefu ameketi juu ya jiwe.

"Yeye anajua nilichosema?"

"Anajua yote. Alisema afadhali umchukie yeye kuliko unichukie mimi."

"Na mama yako?"

"Mama alijua. Alisema atakuambia siku utakayokuwa tayari." Akalirekebisha koti juu ya mtoto. "Labda alikuwa bado anangoja."

Angependa barabara ile iwe ndefu mara tatu. Angependa Nakuru isogezwe huko Eldoret. Aliendesha polepole hata magari ya nyuma yakapiga honi, akayapisha yote. Alisikia pumzi ya binti yake na pumzi ya mtoto, mbili, na akajaribu kuzishika akilini kama mtu anayekariri namba ya simu bila kalamu.

Huko Njoro wakasimama kaburini. Lori lilikuwa limesimama barabarani kwa sababu njia ya kwake ilikuwa tope, na Kipngeno mwenyewe akatembea hadi huko kumwita Owino aje anywe chai. Wakanywa sebuleni, wanne, mtoto akiuliza kwa nini ng'ombe mmoja hana pembe. Kipngeno akataka kusema mengi kwa mkwe wake. Alichoweza ni kusimama, kuchukua birika, na kummiminia kwa mkono wake mwenyewe, kikombe cha kwanza na cha pili. Owino akakipokea kwa mikono miwili.

"Asante, Baba," akasema.

Dereva akapiga honi. Wakaagana haraka, kama watu wanaojificha ndani ya haraka yao. Cheptanui akasema watarudi Disemba, kama Owino atapewa likizo. Kipngeno akasema sawa. Lori likashika njia ya Elburgon, godoro likitikisika juu, akalitazama mpaka likazama nyuma ya miti ya kampuni ya mbao.

Akarudi, akasuuza vikombe vinne. Kisha akatoa simu. Walipokuwa wakinywa chai Owino alikuwa amemwekea namba humo, na jina herufi kwa herufi: CHEPTANUI. Dakika kumi na tano hazikuwa zimeisha tangu waondoke. Akabonyeza.

"Baba?" Upepo ulikuwa mwingi upande wa pili, na lori likiunguruma. "Tumesahau kitu?"

"Hapana," Kipngeno akasema. "Nilitaka tu kujua mmefika wapi."